Vikombe Tisini na Sita

Nilipofika msibani Tunduma, kitu cha kwanza kukiona hakikuwa jeneza wala turubai. Niliona wanawake watano wameinama bombani nyuma ya nyumba, wanaosha vikombe vya bati. Nikasimama pale pale na mkoba wangu begani, mguu hauendi mbele wala nyuma. Mama mmoja mnene akanyanyua uso akaniuliza kama mimi ni ndugu wa marehemu. Nikamwambia hapana, niliwahi kufanya naye kazi. "Kazi gani tena, mama, na mzee alikuwa kipofu miaka yote hii?" Nikasema alikuwa anaona bado. Akasema haya, pole, akarudi kwenye vikombe vyake, na mimi nikaingia ndani kumpa mkono mjane huku mlio wa bati kwa bati ukinifuata mpaka sebuleni. Zaidi ya miaka ishirini nimeukwepa mwaka ule. Nimesimulia watu mambo mengi ya ujana wangu, hata yale ya aibu, lakini huo nilikuwa nauruka. Leo siruki tena kitu.

Marehemu alikuwa Mzee Simwinga. Miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye chumba cha kompyuta cha mgodi mmoja wa shaba huko Zambia, na yeye na wenzake wawili ndio walioandika mfumo endeshi wa mashine ya pale, yaani zile amri zinazoiamsha mashine na kuiambia isikilize vitufe, isome diski, ifuate saa. Waliandika kwa asembli, lugha ambayo kila mstari ni hatua moja ndogo ya prosesa: chukua hiki, weka pale, ruka kule. Ubaya wake ni kwamba asembli ya prosesa moja haieleweki na prosesa nyingine. Ni sawa na kumsomea bibi yangu wa kijijini kwetu Itaka barua ya Kichina. Basi mgodi ukanunua mashine mpya, ile ya zamani ikatolewa kwa winchi mchana mmoja na kutupwa nyuma ya karakana, na wao watatu wakapewa barua za kuwashukuru. Wenzake walikufa wote wawili ndani ya muda mfupi, kwa ule ugonjwa ambao miaka ile tulikuwa tunautaja kwa kunong'ona. Yeye akarudi nyumbani na begi la nguo na kaunta buku kumi na moja. Mfumo mzima ulikuwa humo, amenakili kwa kalamu ya wino, mstari kwa mstari.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, mpaka umechangamka, malori yamepanga foleni tangu Nakonde ya Zambia, na vijana wa kubadilisha fedha wanapita katikati yake wakiita "kwacha, kwacha!" tangu asubuhi. Wakala mmoja wa forodha alikuwa na kompyuta ndogo iliyosuswa na mwenyewe, akampa Mzee Simwinga. Ilikuwa na kioo cha rangi moja, herufi za kijani juu ya weusi, na prosesa tofauti kabisa na ile ya mgodini. Mzee akaamua kwamba atauhamisha mfumo wake, amri moja moja, mpaka mashine hii iamke nao. Tatizo lilikuwa macho. Alikuwa na presha ya macho, anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Daktari alimwambia asitegemee kuona baada ya mwaka ule. Ndiyo maana akatafuta mtu wa kumsomea na kumchapia, na mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kujifunza kupiga chapa. Siku ya kwanza aliniuliza, "Unajua kompyuta?" Nikasema sijui. "Vizuri. Wanaojua wananibishia. Unaweza kusoma kwa sauti bila kuchoka?" Nikasema naweza. Akanisukumia kaunta buku la kwanza, akafumba macho, akasema, "Soma."

Chumba kilikuwa cha mbele, kinatazama barabara, na vumbi la malori lilikuwa linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Umeme ulikuja ukijisikia, mara saa mbili, mara siku nzima hakuna. Kwa hiyo Mzee alikuwa anaiendesha mashine bila umeme, juu ya meza ya kulia. Mkewe, Mama Tumaini, ndiye aliyetunza vyombo vya kina mama wa kanisa lao, vile vya kutumika kwenye harusi na misiba, na humo mlikuwa na vikombe vya bati vya bluu tisini na sita. Tulivipanga safu kumi na mbili, kila safu vikombe nane. Kikombe chenye haragwe ni moja, kitupu ni sifuri, na safu nzima ni namba. Mimi nasoma amri, Mzee anaitafsiri kwa prosesa mpya, kisha ananiambia, "Safu ya tatu, kikombe cha pili, toa. Cha tano, weka." Vidole vyake vilipita juu ya vikombe kukagua, vikigusa haragwe kama mtu anayewahesabu watoto wake kabla ya kulala. Kwa njia hiyo tulilijua kosa kabla hatujalichapa. Na kulikuwa na sheria moja, alinifundisha siku ya kwanza na kunikumbusha kila jioni: kabla sijatoka, ninakili vikombe vyote kwenye daftari. "Vikombe hivi si vyetu, Neema," alikuwa ananiambia. "Mtu akifa mtaani, watavichukua. Na mtu hafi kwa ratiba."

Nilikuwa na furaha mwaka ule, nisidanganye, angalau nusu yake ya kwanza. Tulikula hapo hapo kwenye ukingo wa meza, sahani magotini ili tusitikise safu. Ugali na kapenta za kukaanga na nyanya, au majani ya maboga na karanga, na Mama Tumaini akipita anasema, "Maharage yangu ya kupika mmeyafanya akili ya mashine, na sisi tunakula samaki wasiozidi kucha." Mzee anacheka, anasema, "Awe, hapana, mama, hayo yana kazi serikalini." Aliniita mwanangu, na akifurahi sana ananiita bashi-kompyuta, baba wa kompyuta, kwa Kibemba chake cha mgodini, ingawa cheo hicho ni cha mwanaume. Tumaini, binti yake, alikuwa darasa la tano, anakuja kunisomea kwa makusudi jedwali la kuzidisha ili nimsifu. Mpaka mvua za masika tulikuwa tumemaliza kaunta buku tisa. Nilianza kuelewa ninachokisoma. Nilikuwa naona amri inakuja kabla hajaisema, na alikuwa ananiachia niiseme mimi.

Ikabaki sehemu ngumu, jedwali la anwani. Hilo ndilo linaloiambia mashine iende wapi kitufe kikibonyezwa, iende wapi diski ikimaliza kusoma, na kadhalika, anwani sita, kila moja safu mbili za vikombe. Meza ilijaa barabara. Na hapo palikuwa na mtego ambao Mzee alinionya nao mpaka nikauchoka: mashine ya zamani, namba ndefu ikikatwa vipande viwili, ilitanguliza kipande kikubwa, lakini hii mpya inatanguliza kile kidogo. Tulilipiga jedwali lile siku nne. Mzee alikuwa anakokotoa kichwani, jasho linamtoka, mimi naweka maharage. Na siku zote nne sikunakili hata safu moja. Nilikuwa na mtu. Karani wa ofisi moja ya forodha, ana saa ya mkononi na maneno matamu, na zamu yake ilikuwa inaisha muda ule ule wa mimi kunakili. Nikawa najiambia kesho, kesho nitanakili zote kwa mara moja. Jina lake hata sitaliandika, halistahili wino.

Siku ya tano Mzee alikuwa amekwenda hospitali kuonyesha macho, kulala huko usiku mmoja. Nilitoka mchana, nikarudi nikiwa nanukia mafuta ya nywele, nikakuta meza nyeupe. Haina kikombe hata kimoja. Imefutwa kwa kitambaa, bado ina unyevu. Nilikimbilia nyuma. Jirani, mzee wa nyumba ya tatu, alikuwa amefariki asubuhi, na kina mama walikuja wakachukua vyombo vyao kama kawaida yao. Nikavikuta vikombe vimepangwa bombani kwake, vinang'aa, vimefudikizwa kwenye gunia. Nikauliza, "Maharage yaliyokuwa ndani?" Mama mmoja akanionyesha sufuria kubwa kwenye mafiga. "Tumeyatia kwenye kande, mwanangu. Yalikuwa machache, lakini yamesaidia." Hakuna aliyekosea. Mama Tumaini mwenyewe ndiye aliyewafungulia mlango, maana alijua nanakili kila jioni. Wote walijua nanakili kila jioni.

Nilirudi chumbani, nikafungua daftari, nikaandika jedwali lote kwa kukumbuka. Anwani nne nilikuwa na uhakika nazo. Ya tano nikaikumbuka baada ya kufumba macho muda mrefu. Ya sita nilikumbuka namba yenyewe, lakini kipi kilitangulia, kikubwa au kidogo, hapo kichwa kikagoma. Nikaandika. Kesho yake Mzee akarudi, ametiwa dawa, macho mekundu. Akapapasa meza tupu, akajua mwenyewe kuna msiba, akauliza jina la marehemu, akasikitika. Kisha akasema, "Ulinakili?" Nikasema, "Ndiyo, Mzee, nilinakili." Ilikuwa rahisi hivyo. Akashusha pumzi, akasema, "Ahsante, mwanangu. Bila wewe ningeanza upya, na muda wa kuanza upya sina." Ningeweza kusema wakati ule. Alikuwa amenikabidhi mlango wazi kabisa, na mimi nikaenda kumletea maji ya kunywa.

Tulichapa kila kitu, tukaweka kwenye diski, tukawasha. Taa ya diski ikameta mara tatu, mashine ikanyamaza, kibodi ikafa. Tukawasha tena, vile vile. Siku ile Mzee alisugua mikono akasema makosa ya mwanzo ni kawaida. Lakini wiki zikapita, kahawa ikaanza kuiva huko Mbozi, wachumaji wakapita na vikapu, na taa ile inameta mara tatu na kufa. Mzee alirudi kaunta buku la kwanza, akanisomesha yote upya. Akashuku amri za diski, akaziandika upya. Akashuku saa. Kila nilipopata ujasiri wa kusema, "Mzee, tungeangalia na jedwali," alikuwa anatikisa kichwa. "Awe. Jedwali tulilipiga kwa vikombe na wewe ukanakili. Hilo liache. Tusipoteze siku kwa kitu tunachokijua." Na mimi naliacha! Jamani, naliacha, nasoma ukurasa mwingine kwa sauti yangu nzuri ya kusomea. Wakati huohuo Mzee akimimina chai, inamwagika pembeni ya kikombe. Aliliamkia koti lililotundikwa mlangoni, "Mwapoleni mukwai," akasubiri kujibiwa, na Tumaini akacheka, na mama yake akamchapa kofi ambalo nalisikia mpaka leo. Wote tulijua kofi lile halikuwa la kicheko.

Mchana mmoja nilikuwa ukumbini nachambua mchele, na wao wawili wako chumbani, mlango umerudishwa tu. Mama Tumaini alikuwa anamwambia aache kujitesa, akae, apumzishe macho yaliyobaki amwangalie mtoto. "Ukipofuka, baba Tumaini, utabaki na nini? Na mashine?" Mzee akasema taratibu, "Wenzangu wamekufa hawakuona. Mgodini walituambia kazi ile imefutika, imekwisha. Nikiiona inaamka mara moja tu, kwa macho yangu haya, nitabaki nimeona. Hicho kinanitosha kwa giza lote." Mchele ukaniponyoka ukamwagika sakafuni. Niliokota punje moja moja, nikijiapiza kwamba jioni nitamwambia. Jioni ilifika, tukala, nikaondoa sahani. Niliogopa kurudishwa Itaka, hilo ni kweli, lakini kikubwa zaidi niliogopa uso wake. Nilikuwa nimezoea kutazamwa na mtu yule kama mtu wa maana.

Umeme ukafanya yake pia. Mwishoni mwa kiangazi ulirudi kwa kishindo, kioo kikatoa moshi, tukabaki bila kioo wiki tatu. Nilizunguka mji mzima mpaka wakala yule wa kwanza akaniazima kingine. Hicho herufi zake zilikuwa za rangi ya chungwa. Mzee alikipapasa kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Kizuri hiki," na mimi nikashika waya zangu nikachomeka. Siku iliyofuata alipokwenda kulala baada ya chakula cha mchana, nilitoa vikombe kabatini, vyote tisini na sita, nikapanga safu kumi na mbili. Nikalipiga jedwali peke yangu. Kosa nililiona kwenye anwani ya sita. Kipande kikubwa nilikitanguliza, kwa mazoea ya kusoma mashine ya zamani. Kila diski ilipomaliza kusoma, mashine ilikuwa inatumwa mahali pasipo na kitu. Kulitafuta kulinichukua muda wa kuchemsha chai. Miezi mitano, na chai.

Nikapindua vile vipande viwili, nikachapa, nikangoja umeme. Ulipokuja jua lilikuwa bado kali. Nikamwamsha Mzee, nikamshika mkono, nikamketisha mbele ya kioo. Nikawasha. Taa ikameta mara tatu, ya nne, ya tano, na juu kabisa kwenye kona ya kushoto yakatokea maneno aliyoyachagua mwenyewe tangu Januari: NIPO. SEMA. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, anasikiliza diski. Nikamwambia, "Mzee, tazama." Akainua uso. Akakaa hivyo, mikono magotini, na machozi yakamtoka. "Naona," akasema. "NIPO. SEMA. Naona, mwanangu, imeamka." Akamwita mkewe, akamwita Tumaini, akawaonyesha kwa kidole, na kidole kilielekea kwenye kioo. Alipotulia aliniuliza kosa lilikuwa wapi. Nikasema, "Kwenye jedwali, Mzee. Anwani ya sita ilipinduka." Nikasikia lori linashika breki nje. "Jedwali ulilonakili wewe," akasema. Nikasema ndiyo. Akanitafuta bega kwa mkono, akalipiga polepole mara mbili. "Basi. Imeamka."

Miaka yote hii nimeishi kwa hiyo "naona". Krismasi ilipofika alikuwa haoni hata taa, na mimi niliondoka kwenda Mbeya kusoma kompyuta, kazi ambayo mpaka leo inanilisha. Kila nilipokumbuka vikombe na kuanza kujila mwenyewe, nilijijibu: nilimchelewesha, nilimdanganya, lakini aliwahi. Kwa siku chache, kwa tundu dogo kabisa, aliwahi. Nilimtembelea mara mbili tatu, na kila mara aliwasimulia wageni jinsi alivyoiona, na mimi nikawa nakunywa chai yangu nimetulia. Sikuwahi kumwambia habari za meza nyeupe na kande. Niliona imekwisha, ya nini kumchimbua.

Juzi, kabla ya kwenda makaburini, Tumaini alisimama kusoma wasifu wa marehemu. Ni mtu mzima sasa, ana watoto, sauti yake ile ile ya jedwali la kuzidisha. Akasoma kuzaliwa, shule, mgodi. Kisha akasoma: "Baba alitusimulia mara nyingi furaha kubwa ya maisha yake. Kabla Mungu hajachukua nuru ya macho yake, alimjalia kuiona kazi yake ikiamka. Aliiona kwa macho yake mwenyewe, herufi za kijani zinazong'aa, mpaka siku ya mwisho alikuwa akiziona." Watu wakaitikia kwa miguno ya huruma. Mimi nilibaki nimeshika kiti cha mbele yangu. Za kijani. Kioo cha kijani kilikuwa kimeungua, kilikuwa jalalani, siku ile mashine ilipoamka. Kwenye chumba kile hapakuwa na kitu cha kijani. Alikuwa ameelekeza uso kwenye joto na mlio, akasoma maneno aliyoyatunga mwenyewe, akasema anaona. Miezi mitano ile ndiyo aliyokuwa anahitaji, na nilikuwa nayo mimi, kwenye daftari, kwa mwandiko wangu.

Tumaini akakunja karatasi, akanitafuta kwa macho katikati ya watu. "Dada Neema yupo hapa," akasema. "Yeye alikuwa naye chumbani siku hiyo. Dada, tunaomba neno moja, wajukuu wasikie kwa aliyekuwepo." Wakageuka wote. Mama Tumaini, mzee sana sasa, alikuwa amekaa kwenye mkeka pale mbele na ameinua uso kunitazama. Alikuwepo pia, alikiona kioo kile, na ninavyomjua hakusahau rangi yake. Nyuma ya nyumba vikombe vilikuwa bado vinagongana. Nikasimama.

"Ni kweli," nikasema. "Nilikuwepo. Zilikuwa za kijani."